Barua kwa mwanangu: rudia mchezo wa sita wa Reykjavik

Mwanangu mpenzi,

Nimefurahi kusikia umeshaukariri ufunguzi wako wa sataranji, zile hatua za kwanza za mchezo. Sasa uweke kando kidogo, panga kete, uucheze upya mchezo wa 6 wa Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, 1972, Mmarekani Fischer na Msovieti Spassky walipokuwa wakigombea ubingwa wa dunia. Kompyuta ingoje. Funika karatasi ya hatua, kisia hatua inayofuata, ndipo ufunue.

Fischer, mwenye kete nyeupe, alizoea kuanza na e4, yaani kusogeza kitunda, kete ndogo kuliko zote, hadi mraba wa e4; lakini siku hiyo alisukuma kitunda hadi c4. Punde wakajikuta ndani ya Gambiti ya Malkia iliyokataliwa, ufunguzi ambao mweusi anakataa kukila kitunda anachopewa, kwenye njia yake iitwayo Tartakower, ambayo Spassky ndiye aliyeijua kwa miaka mingi. Na ndiye aliyeshindwa.

Simama hatua ya 15. Vitunda vyeusi vya c5 na d5 vimesimama bega kwa bega, na hakuna kitunda kingine pembeni cha kuvilinda. Mchezo mzima umo humo. Ukivitazama hivyo viwili tu, utaelewa kwa nini hatua ya 18 farasi mweupe anatua d4 bila woga: kitunda cha c5 kikimla, malkia mweusi anabaki wazi mbele ya malkia mwenzake aliye a3. Kisha farasi huyo anamla askofu wa e6, na hatua ya 20 Fischer anasukuma e4. Spassky akajibu d4. Kwangu mimi, hapo ndipo alipojiumiza zaidi, maana askofu mweupe alipata kiti chake c4, na kitunda cheusi cha e6 kikawa shabaha. Kilichobaki ni kubanwa hadi hatua ya 41. Spassky mwenyewe alipiga makofi pamoja na watazamaji, na mimi humheshimu sana kwa hilo.

Usiishie hapo. Rudi hatua ya 14, askofu mweupe alipokwenda b5. Spassky alijibu a6. Mwaka 1973 Geller, aliyekuwa msaidizi wake kule Reykjavik, alifikia hali ileile akiwa na kete nyeusi dhidi ya Mholanzi Timman, akampeleka malkia b7. Alikubali kukipoteza kitunda cha c5, kilekile kilichomlemea Spassky, ili kete zake zipate nafasi ya kutembea, akashinda. Icheze michezo hiyo miwili kwa kufuatana, siku moja.

Na kabla hujawasha kompyuta, niandikie wewe ungeijibu vipi ile e4 ya hatua ya 20, na sababu yako.

Baba yako