Namba 12 kwenye chupa ya wiski si alama ya mtihani

Mhariri,

Baa na maduka ya vinywaji hapa mjini huipanga wiski kwa namba: 12, 15, 18. Anayeanza kuijua anaambiwa apande ngazi hiyo kadiri mfuko unavyoruhusu, na akigusa 18 ajihesabu kuwa bingwa. Ushauri huu unawamalizia watu hela bure. Naomba nafasi nieleze.

Namba ile ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa ndani ya chupa, na umri huo huhesabiwa ikiwa kwenye pipa tu. Ikishafungwa haikui tena: chupa ya miaka 12 iliyolala kabatini miaka 10 bado ni ya 12. Namba haisemi lolote kuhusu pipa lenyewe, na sehemu kubwa ya ladha hutoka kwenye pipa.

Chukua bourbon, wiski ya Marekani. Sheria yao inataka mahindi yasiyopungua asilimia 51 ya nafaka zote, kisha pombe ikae kwenye pipa jipya la mwaloni lililounguzwa ndani. Pipa jipya ni kama majani ya chai yanayotiwa maji mara ya kwanza, hutoa kila kilichomo kwa kasi: vanila, sukari ya kuungua, viungo. Kiangazi cha Kentucky, jimbo linalotengeneza bourbon nyingi, nacho kina joto la kutosha kuisukuma pombe ndani ya mbao. Miaka 4 hadi 8 inatosha kabisa, na ikipitiliza sana unaanza kuonja mbao tupu, chungu, inayokausha ulimi kama umetafuna kijiti. Bourbon ikishatolewa, pipa lile halitumiki tena kwa bourbon, kwa hiyo mengi huuzwa Uskoti. Huko hupokelewa kama majani ya chai ya mara ya pili. Hali ya hewa ni baridi, kinachopotea kwa mvuke ni kama asilimia 2 kwa mwaka, na mambo huenda polepole. Miaka 12 kule ni mwendo wa kawaida. Ndiyo maana bourbon ya miaka 6 haiwezi kuitwa mdogo wake Scotch, yaani wiski ya Uskoti, ya 12. Kiwanda cha Amrut kule Bangalore, India, hupoteza asilimia 10 na zaidi kwa mwaka kwa sababu ya joto, na chupa zake nyingi hazina namba kabisa. Mnunuzi hajapunjwa, joto hilo huikomaza upesi.

Basi kwenye lebo usome nini? Kwanza aina. "Single Malt" ya Uskoti ni kimea cha shayiri kitupu kutoka kiwanda kimoja (kimea kilekile cha nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, anachokijua kila mpika togwa). Neno "Single" linahusu kiwanda, si pipa. "Blended" imechanganywa na wiski ya nafaka nyingine, ambayo ni nyepesi zaidi, na hiyo si kasoro. Pili, kilevi. Scotch haishuki chini ya asilimia 40. Ukiona 46 au zaidi, mara nyingi haikuchujwa kwa baridi (yaani kupozwa ili mafuta yake yagande na kuondolewa), na ukiitia barafu itafanya ukungu. Wapo wanaoirudisha dukani wakidhani ni feki. Ni mafuta ya asili ya kinywaji, hayana neno. Rangi ipuuze kabisa, maana Uskoti inaruhusu kutiwa karameli.

Badala ya kununua mzinga mmoja wa bei mbaya, kusanyeni hela watu wawili watatu, au nendeni baa yenye kaunta nzuri, mwonje tatu kwa pamoja. Zinazopatikana bila shida ni Glenfiddich 12 (Single Malt), Jim Beam ya lebo nyeupe (bourbon) na Johnnie Walker Black Label (Blended). Onjeni kwa mpangilio huohuo, kwa sababu ya mwisho ina moshi, na moshi ukitangulia huziba pua. Kila moja iwe mililita 15, yaani nusu toti. Jumla ni mililita 45, ambazo kwa asilimia 40 zina pombe halisi mililita 18, pungufu ya bia moja ya mililita 500 yenye asilimia 5.

Tumieni glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba. Ya mvinyo, ikiwa ndogo, inafaa. Pua isizame ndani. Iweke juu ya ukingo, mdomo wazi kidogo, uvute taratibu. Ikichoma, umesogea mno. Hapa Dar es Salaam kuna tatizo ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji: chumba chao ni nyuzi 18 au 20, chetu kinapita 30, na kwenye joto hilo pombe hupanda puani kabla ya harufu nyingine. Poza glasi tupu kwenye friji dakika tano, inatosha. Barafu ikijaa, baridi huua harufu uliyoilipia.

Onja kavu kwanza, kisha ongeza nusu kijiko cha chai cha maji, yaani mililita 2.5. Kilevi kitashuka kutoka 40 hadi kama 34, na hapo ndipo Glenfiddich huanza kunukia peasi waziwazi. Usimimine maji kutoka kwenye jagi, hutajua umetia kiasi gani. Sasa linganisha: Glenfiddich na Black Label zote zina 12 kwenye lebo, lakini moja ni matunda na nyingine ina moshi wa piti, ule udongo mweusi wa vinamasi unaokaushwa na kuchomwa kama kuni. Ukiupenda moshi huo, hatua inayofuata ni Laphroaig 10, inayonuka kama kabati la dawa. Ukivutwa na Jim Beam, baki kwenye bourbon. Si lazima uipende Scotch ndipo uitwe mjuzi.

Ukinunua chupa, ihifadhi ikiwa imesimama, mbali na jua. Wiski si mvinyo. Ikilazwa, pombe hula kizibo. Ikibaki robo, hamishia kwenye chupa ndogo iliyojaa, maana hewa huifubaza. Kabla ya kulipa, hakiki stempu ya kodi ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kwa programu ya simu ya Hakiki Stempu, na tazama kama kifuniko kimeguswa. Methanoli, sumu inayokutwa kwenye pombe feki, haijulikani kwa ulimi wala kwa pua, na kuwasha moto kwenye kijiko hakuthibitishi chochote. Chupa tupu za bei kubwa zikwaruzwe lebo kabla ya kutupwa, zisije zikajazwa upya.

Kwa wenye baa nina ombi moja. Andikeni kwenye menyu mililita za toti na asilimia ya kilevi, na muuze nusu toti kwa nusu bei. Kipimo cha chuma chenye pande mbili, 15 na 30, wahudumu wengi wanacho tayari kaunta. Upande mdogo hautumiki.

Msomaji wenu,
Kinondoni, Dar es Salaam