Mheshimiwa, lami hii si yangu

Kwako Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima. Barua zangu tatu najua umezipata, maana karani wako alizigonga muhuri nikimwangalia. Hizo niliandika kwa Kiingereza, hazikufaa kitu. Hii naandika kwa lugha ya mamangu. Huenda mkalimani akakuhimiza.

Jumatatu nimebandikiwa faini mlangoni: eti mgahawa wangu unamwaga mafuta machafu njiani. Mheshimiwa, mimi napika pilau na mbaazi hatua chache kutoka Wilshire Boulevard, Los Angeles. Mafuta yangu ya mahamri nayajua. Hayo meusi yanayochuruzika kwenye ufa wa saruji yakinuka kama barabara mpya ni lami ya asili ya hapa La Brea. Jina lenyewe kwa Kihispania ni lami! Inatoka ardhini hapa tangu makumi ya maelfu ya miaka, na kabla yangu ilishanasa mamothi, wale tembo wa kale, na paka wenye meno kama majambia. Mwaka 2006, walipochimba maegesho ya jumba la sanaa hapo jirani, walikuta mifupa ya mamothi mmoja karibu yote, wakampa jina Zed, na mifupa mingine ikabebwa pamoja na udongo wake katika makasha makubwa 23. Sikusikia mtu aliyetozwa faini kwa kumwaga mamothi.

Wataalamu wanasema zama hizo, akinasa mnyama mmoja, mbwamwitu humiminika kumla, nao hunasa; ndiyo maana mifupa yao imejaa humo. Nimewaelewa sana. Tangu nipigwe faini wameshakuja wakaguzi watatu, mmoja akitaka kibali cha kibao changu.

Wakati wa kura ulikuja mwenyewe, ukala sahani mbili, ukasema, "Mama, nipe wiki mbili." Ramadhani mbili zimepita. Kila alfajiri namwaga mchanga na kukwangua. Mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, aliondoka na kiatu kimoja, hajarudi. Binti yangu anaogopa gesi, na si uoga wa bure: Machi 1985 gesi ya chini ya ardhi hii hii ililipua duka la nguo mtaa wa jirani wa Fairfax. Nadhani uchimbaji wa reli ya chini ya ardhi umeisukuma lami ikatafuta njia kwangu. Au ni joto tu. Mimi mpishi, mtaalamu mleteni ninyi.

Naomba faini ifutwe. Wekeni hata koni ya rangi ya machungwa, kama mnavyowawekea wengine. Lakini faini kwanza, Mheshimiwa. Mwisho wa kulipa ni Ijumaa.