Usirudishe wembe juu

Tanga, Jumatano usiku

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Barua hii nimeichomeka ndani ya zile soksi ndefu nyeusi, maana najua ukifika Mafinga, kwenye kambi ya JKT, soksi ndizo utakazotafuta kwanza. Simu hutakuwa nayo huko, na leo jioni hatukuzungumza vizuri. Nilipaza sauti. Mama yako ameniambia mpaka jirani wa mbele alisikia.

Lakini na wewe nawe. Mtoto wa kinyozi, baba yako ana kibanda Barabara ya Kumi na Mbili tangu 1996, unakwenda kunyolewa ndevu kwenye saluni ya vijana yenye muziki na vioo kila ukuta, unalipa elfu mbili, unarudi kidevu kinang'aa kama sahani. Nilipokupitisha mkono shingoni nilijua walichokufanya. Wamekuvuta ngozi, wamekupitishia wembe kutoka chini kwenda juu, wamezifuata ndevu mpaka mzizini. Hilo ndilo lililonipandisha sauti, si ile elfu mbili. Ile elfu mbili nayo imo, lakini kidogo.

Usirudishe wembe juu. Ukisahau mengine yote niliyoandika humu, hilo lishike.

Utasema Baba anakuza mambo, vipele tu. Sikiliza. Nywele zetu hazitoki zimenyooka. Shimo lenyewe la unywele limepinda chini ya ngozi, kwa hiyo unywele unatoka ukiwa umeshaanza kugeuka, kama ndoana. Ukiuacha ukue unajikunja huko nje, hauna ugomvi na mtu. Ukiukata karibu mno na ngozi, ncha inabaki kali, imekwenda mshazari kama mwanzi uliokatwa kwa panga, na ukianza kuota tena unageuka kuifuata ngozi. Unaingia. Mwili nao unaona umechomwa mwiba. Unavimba, unawasha, mara usaha. Na ukivuta ngozi au ukirudisha wembe juu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu unywele unakatwa ukiwa umevutwa nje, ukiuachia unarudi ndani. Huo hata nje haufiki tena, unatoboa ukuta wa shimo lake humo humo. Zile nyembe za siku hizi zenye makali mawili matatu kwenye mpini mmoja zinafanya kazi hiyo hiyo kwa makusudi: wa kwanza unauvuta, wa pili unakata kilichovutwa. Kwa mwenye nywele zilizonyooka ni raha. Kwa shingo yako wewe ni kupanda vipele kwa mkono wako.

Mimi haya sikuyajua nilipoanza kazi. Nilidhani vipele ni wadudu, ndiyo maana ya ile chupa ya spiriti pale mezani. Mteja akipiga kelele najua dawa imeingia. Mpaka mwalimu mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, akaenda Moshi, hospitali ya KCMC, kwenye kile kituo cha magonjwa ya ngozi, akaambiwa aache wembe kabisa, ndevu zikue hadi zile zilizoingia zitoke zenyewe. Alikaa kama mwezi hivi. Aliporudi kwangu alikuwa na ndevu za shekhe na shingo imetulia. Hakuja kunisuta. Alikaa kwenye kiti, akanieleza yote kama anafundisha darasa, kisha akasema, "Mashine tu, fundi, na usiifikishe kwenye ngozi." Nilimnyoa kimya kimya. Spiriti kumbe ilikuwa inawakausha ngozi tu na kuwaunguza. Sijui ni shingo ngapi hapa Ngamiani zimepita kwenye mkono wangu kabla ya siku ile, na sitaki kuzihesabu.

Kisogo cha babu yako unakikumbuka, sina haja ya kukieleza, wala kwa nini alikuwa halali bila kofia. Watu walisema mengi, wengine walisema ni jicho la mtu. Vilianza kama vipele, vikawa vigumu, vikaungana. Ngozi ya namna ile, inayokua kovu likapita kidonda chenyewe, hutembea kwenye ukoo. Ndiyo maana wewe huna ruhusa ya kusema "vipele tu" kama wanavyosema wenzako. Huko watakunyoa kichwa pia. Hilo huliwezi kulizuia, ila ukipata nafasi ya kusema, omba mashine isichimbe kisogoni, na kola ya shati isikusugue.

Na lile kovu chini ya taya lako la kushoto, mama yako husema ulijikuna sana. Hukujikuna sana. Ilikuwa harusi, watu wanasubiri nje, na mimi nilitaka wakuone unang'aa. Tuyaache.

Sasa nisikilize vizuri. Usinyoe alfajiri. Wenzako wote watagombania bomba alfajiri, maji ya baridi, haraka, filimbi inalia, halafu mchakamchaka, jasho la chumvi juu ya ngozi iliyotoka kukwanguliwa. Wewe nyoa usiku baada ya kuoga, ngozi ipate kulala na kupoa. Mafinga kuna baridi, si kama hapa kwetu, na udevu mkavu wenye baridi ni mgumu kama waya. Kama kuna namna ya kupata maji ya moto kidogo jikoni, loweka kitambaa, kiweke usoni na shingoni dakika tatu nne. Mpishi mtendee wema mapema, usisubiri siku ya shida. Kama maji ya moto hakuna, basi kuoga kwenyewe na sabuni, usikaukie. Kisha povu. Povu jingi, likae kidogo. Nimekuwekea ile brashi yangu ndogo, usicheke, inainua ndevu kuliko vidole.

Kabla ya wembe, funga macho upitishe vidole. Mashavuni ndevu zako zinashuka, hapo hakuna tatizo. Shingoni ndipo penye hila: upande wa kulia wako zinakwenda kuelekea sikioni, chini ya koromeo zinapanda juu. Nimezitazama leo wakati unagomba. Kila mahali wembe ufuate zinakoelekea. Hivyo pale chini ya koromeo, na hapo tu, kufuata zinakoelekea ndiyo kupanda. Unaona sasa kwa nini nasema funga macho kwanza? Ninaposema usirudishe wembe juu nina maana usizipinge ndevu. Usivute ngozi. Usikandamize, wembe mzuri uzito wake mwenyewe unatosha. Pitisha mara moja, suuza, pitisha pengine. Ukirudia palepale mara tatu umeshachimba.

Utabaki na kivuli. Kivuli hicho kiache. Afande akikupitisha kidole akasema zimebaki, jibu "ndiyo afande," usiku unyoe tena, kwa mwendo ule ule. Usije ukaona haya mbele ya watu ukaurudisha wembe. Nakujua, wewe ukisemwa mbele ya watu unafanya kuliko ulivyoagizwa. Sijui umerithi wapi.

Ukimaliza, maji ya baridi, kausha kwa kugusagusa na taulo lako mwenyewe, si kusugua. Spiriti hapana, wala marashi. Mama yako amekutia kwenye kichupa losheni isiyo na harufu. Amesisitiza nikwambie kwamba mshubiri nao unafaa, kwamba yeye alisema hivyo kabla ya mwalimu yule na mimi nikamcheka. Basi nimekwambia.

Kipele kikitokea usikibinye. Usiking'oe kile kinywele kwa kibanio pia, maana kikiota upya kitaanzia chini kabisa na kitaingia vilevile. Ukikiona kimejikunja juu ya ngozi, ncha imezama, chukua sindano uliyoipitisha kwenye moto ikapoa, uvute kidogo kipande hicho cha kitanzi, kiinuke, basi, ukiache hapo. Vikiwa vingi, vikawa na usaha, usinyoe juu yake. Nenda zahanati ya kikosi ukamwonyeshe daktari, aandike yeye. Usibishane na afande kwa mdomo wako. Na hizo krimu wanazouziana vijana za kufuta madoa, nyingine zina dawa kali zinazoifanya ngozi nyembamba kama karatasi ya kitunguu. Mkorogo ni mkorogo hata ukiuita krimu.

Ule unga wa kunyolea unaonuka yai viza sikukuwekea. Si kwamba ni mbaya, unayeyusha unywele na kuacha ncha butu, wateja wangu wengi wenye vipele umewasaidia. Ila ukizidisha dakika unaunguza, na wewe kwa saa sikuamini.

Kimashine cha betri kimo ndani ya bukta ya bluu. Wakikuruhusu kuwa nacho, achana na wembe kabisa, nyoa kwa hicho, kinabakiza kama milimita moja na hicho ndicho kipimo chako. Wakikichukua, usilalamike, andika tu nani amekichukua. Ndiyo maana nimeweka nyembe kumi na mbili. Miezi mitatu, wiki moja wembe mmoja. Ukishanyoa, suuza, kung'uta, uanike mahali pakavu. Ukikwaruza, tupa hata kama wiki haijaisha.

Hizo nyembe si za kuazimana. Watakuja, "Tanga, nipe wembe wako mara moja tu." Mpe sabuni, mpe hata raba zako akakimbilie. Akishikilia, mpe mpya kabisa na usiurudishe kwako. Nilipoanza 1989 kwa mzee aliyenifundisha, tulikuwa tunavunja wembe katikati kupata mbili, na nusu moja ilinyoa foleni nzima ya Ijumaa. UKIMWI ulishaonekana Kagera tangu 1983, redio inasema kila siku, na sisi tunafuta wembe kwa kitambaa tunaita anayefuata. Homa ya ini nayo hupita njia hiyo, tena ile B inakaa juu ya kifaa siku hata saba. Nilipopima mara ya kwanza sikumwambia mtu, hata mama yako. Majibu yalikuwa salama. Nimekaa na hilo miaka mingi, sijui kwa nini nakuandikia wewe.

Mama yako huniambia kinyozi hajinyoi. Nilidhani ananisema kwa hizi ndevu zangu za mzee. Leo baada ya wewe kuingia ndani ukafunga mlango, akaniuliza ni lini nilikaa na wewe nikakushika mkono nikakuonyesha. Nikasema mtoto anakaa kibandani kila likizo, ameona. Akanyamaza. Unajua kunyamaza kwake.

Ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika kidato cha sita, wewe ndiye wa kwanza. Nimekwisha kuwaambia wateja wote, na picha yako ya sare nimeibandika juu ya kioo, mkono wa kushoto, pale panapopata mwanga. Ila ukirudi usije ukawaamrisha wadogo zako kwa filimbi.

Mambo ya nyumbani. Shuka mbili mlizoambiwa, za bluu bahari: moja ni bluu bahari, nyingine mama yako anasema ni bluu bahari, mimi naona ni zambarau. Wakikukataza utatuandikia. Bati la jikoni nitalibadilisha kabla ya vuli, fundi nimeshampa nusu na tangu hapo hapokei simu. Dada yako anataka kuhamia chumba chako. Nimesema asubiri, lakini mashine ya kushonea imeshaingia. Umeme wa LUKU uliobaki ni uniti nne, mtu aliacha feni usiku kucha, sitaji jina.

Ule wembe wangu wa kukunja wa mpini mweusi, ukirudi usiutafute kwenye droo. Nimempa fundi viatu wa Barabara ya Saba, anakatia ngozi za mikanda.

Chupa nyekundu ya chai uliyosafiri nayo ni ya dada yako. Irudi, na kifuniko chake.

Baba yako