Barua kwa mwanangu kuhusu bastola ya babu yako

Mwanangu mpendwa,

Nimezitazama kwa makini picha za bastola uliyoachiwa na babu yako mzaa mama, pamoja na ala yake ya ngozi. Kabla ya lolote, hakikisha haina risasi: chomoa magazini, kisha vuta nyuma kile kiungo cha juu kinachokunjika kama goti, uchungulie ndani ya chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Neno GELADEN huonekana ubavuni risasi inapokuwa ndani, lakini usilitegemee hilo peke yake.

Wakwe zangu wamesema miaka yote kwamba ni silaha ya Vita vya Kwanza vya Dunia, nami niliyekulia Tanga, ambako chuma chochote cha kale huitwa cha Mjerumani, nilikubali bila kuuliza. Umbo lake ni la P08, bastola iliyobuniwa na Georg Luger na kupokewa na jeshi la nchi kavu la Ujerumani mwaka 1908, kwa hiyo umbo pekee lingeweza kutupoteza. Hata hivyo, juu ya chemba pamegongwa 1937, na juu ya kiungo pana S/42, alama iliyoficha jina la kiwanda cha Mauser cha Oberndorf wakati Ujerumani ilipokuwa ikijizatiti upya. Ingekuwa ya vita vya kwanza, tungetarajia kusoma majina ya viwanda vya enzi hizo: DWM, au Erfurt chini ya taji. Ala ina mhuri wa 1941; tofauti hiyo isikusumbue, kwa kuwa ngozi huchakaa na askari hupewa nyingine.

Sasa niandikie namba kamili ya bastola pamoja na herufi ndogo iliyo chini yake, kama ipo, kwani ndani ya mwaka mmoja namba zilianza upya kila zilipofika elfu kumi na herufi ndiyo inayozitenganisha. Tazama pia kama tarakimu mbili za mwisho zimerudiwa kwenye vipande vidogo. Zikilingana zote, yaelekea vipuri havijabadilishwa.

Nakusihi usiisugue wala kuipaka rangi upya, na usiihifadhi ndani ya ala, maana ngozi hushika unyevu na chuma hupata kutu. Ifungie mahali salama, na umuulize muuza silaha mwenye leseni sheria za jimbo lako.

Huenda babu yako aliipata vitani: wanajeshi wa Marekani waliorudi na silaha walizoteka mwaka 1945 walipewa karatasi ya ruhusa iliyosainiwa na ofisa wao. Mama yako anakumbuka karatasi iliyokunjwa ndani ya Biblia ya babu yako, ambayo sasa iko kwa mama yako mdogo. Nimemwomba aitafute, na namba utakayonitumia nitailinganisha nayo siku hiyo hiyo itakaponifikia.

Ni mimi baba yako