Kwa vijana wetu wa Las Vegas: ule ukuta mlioukwaruza

Wanangu,

Jumapili, baada ya nyama choma yenu kule bustani ya Floyd Lamb, nilibaki nikiokota chupa. Chupa zilinichosha tu. Kilichoniuma ni ukuta wa jengo moja la zamani: mmoja wenu ameukwaruza kwa ufunguo, akaandika jina lake na la mji tuliotoka. Nilipouliza nikajibiwa, "Mzee, hivyo ni vibanda. Huu mji hauna historia."

Hauna? Basi nisikilizeni.

Chemchemi za Tule Springs, pale pale ilipo bustani hiyo, ziliwanywesha wenyeji wa asili, Wanuwuvi, wanaoitwa pia Wapaiute wa Kusini, karne nyingi kabla ya taa za kasino. Mwaka 1941 mahali pale pakanunuliwa na Prosper Goumond, mmoja wa wenye kasino ya Boulder Club, akapafanya ranchi ya wageni. Wageni gani? Wengi walikuja kutafuta talaka. Tangu 1931, sheria ya Nevada ilimtaka mwombaji akae jimboni wiki 6 tu, wakati New York enzi hizo hukupewa talaka mpaka uthibitishe uzinzi. Basi mwenye uwezo alisafiri hadi jangwani, akapanda farasi, akaogelea, akala mboga za shambani, akihesabu siku. Mwishoni shahidi alisimama mahakamani kuapa kwamba mgeni kweli alikaa.

Najua mnacheka. Acheni. Mfikirieni mama aliyekaa katika vyumba vile na sanduku lake, kwa sababu sheria ya kwao ilimfungia mlango. Na sisi je? Katika jumuiya yetu hii hii, binti anapigwa, anakimbilia kwa wazee, anaambiwa avumilie kwa ajili ya watoto. Wazee wenzangu, nawasema nanyi. Tumewazika mabinti waliovumilia. Kuta zile zimehifadhi machozi ya watu, na wewe unazichora kwa ufunguo wa gari!

Mwaka 1964 jiji liliinunua ranchi ile. Mwaka 1977 ikawa bustani ya jimbo, ikapewa jina la seneta Floyd Lamb. Mwaka 2007 ikarudi mikononi mwa jiji. Tazameni nyumba zilivyojazana pande zile leo, mniambie kama yale mabwawa na miti ingesalia mikononi mwa mwenye kuuza viwanja. Nyumbani mnajua uwanja wa wazi unavyomezwa. Mwaka 1989 Wangari Maathai alitukanwa hadharani kwa kukataa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Leo mnapanda ndege kuja kuharibu kile ambacho wengine wamekiokoa?

Mengine ni mafupi. Makaa yazimeni kwa maji. Bata msiwape mkate. Mfupa au jiwe la ajabu liacheni lilipo: mwaka 1962 wanasayansi walichimba mitaro mikubwa eneo lile, wakipima umri wa mabaki ya mamothi, wale jamaa wa tembo waliotoweka, na ya ngamia wa kale, na tangu 2014 ardhi ya jirani inalindwa na serikali kuu kwa ajili ya mabaki hayo. Muziki punguzeni, wengine wamekuja na wazazi wao wagonjwa.

Nawapenda, ndiyo maana nimekasirika. Aliyeandika jina lake nimeshamjua, maana ameliandika lote. Mwanangu, usijaribu kulisugua mwenyewe, utaharibu zaidi. Jumamosi asubuhi nitakupitia, twende pamoja ofisi ya bustani, ukaseme ni wewe na uulize gharama ya kutengeneza.

Mzee wenu