Sista, ongeza hewa kidogo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu maneno ninayoyasikia kila zamu katika wodi ya watoto njiti ninakofanya kazi ya uuguzi. Wapo ndugu wanaohofu kwamba mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa puani mwa mtoto, itamzoesha uvivu, akitolewa ashindwe kupumua mwenyewe. Wengine hunivuta pembeni: "Sista, ongeza hewa kidogo, si unaona anavyohema?"

Nianze na hao wa uvivu, maana jibu lao ni fupi. CPAP haimpumulii mtoto. Anavuta pumzi mwenyewe. Mashine inapeleka hewa puani bila kukatika ili vifuko vya mapafu visinywee kila anapoitoa. Katika aina tunayotumia sisi, mwisho wa mrija unazama kwenye chupa ya maji, na kina chake ndicho kipimo cha msukumo: sentimita 5, 6, mara chache 8. Mapovu yakinyamaza najua hewa inavuja, na mara nyingi ni puani au mdomo umeachama.

Kinachomfanya njiti asahau kupumua ni ubongo ambao haujakomaa. Anatulia bila kupumua sekunde 20 au zaidi, oksijeni inashuka, na moyo uliokuwa unapiga 150 kwa dakika unaporomoka chini ya 100. Kama tatizo ni koo kujifunga, hewa ya mashine inalifungua. Kama ni ubongo wenyewe ndio haukutoa amri, mashine haisaidii sana. Hapo tunamgusagusa unyayo, na daktari huandika kafeini, dawa inayoamsha kituo cha kupumua. Majuma yakisogea, kusahau huko kunapungua kwenyewe.

Sasa nyinyi wa kuongeza hewa. Moyo na mapafu vinakaa kifua kimoja. Msukumo ukizidi, damu inayorudi kutoka mwilini inakuta njia imebanwa, moyo unapokea kidogo na kutoa kidogo. Mishipa midogo ya mapafu nayo inabanwa, na upande wa kulia wa moyo unasukuma kwa taabu. Lakini msukumo ukipungua mno, mapafu yananywea na mishipa hiyo hiyo inabanwa tena! Ndiyo maana hatuna namba moja ya watoto wote. Namtazama huyu: mbavu zinavyoingia ndani, rangi ya ngozi, mapigo, na muda ambao damu inachukua kurudi nikibonyeza kifua kwa kidole.

Kuna jambo jingine ambalo hata baadhi yetu wa kazi hii hatulitilii maanani. Mapafu yakijaa kupita kiasi, neva hupeleka taarifa kwenye ubongo kwamba pumzi isimame kidogo. Wanasayansi Hering na Breuer walilieleza hilo tangu 1868, na kwa wachanga lina nguvu kuliko kwa watu wazima. Kwa hiyo mjomba anayeniomba niongeze hewa anaweza kuwa ananiomba, bila kujua, mtoto atulie zaidi bila kupumua.

Hata kuvalisha barakoa kuna adabu yake. Kwa njiti aliyezaliwa sasa hivi, kumkandamiza usoni kunaweza kuamsha neva za uso akaacha kupumua na mapigo yakashuka. Nikionekana nakwenda polepole mahali hapo, naomba mnivumilie.

La mwisho ni kwa wafadhili wanaotuletea mashine. Tunashukuru, kweli. Ila mashine ikija bila kipima oksijeni, bila kichanganya hewa na oksijeni, na bila mirija ya pua ya saizi za watoto wa chini ya kilo moja, mnaniacha nikisie. Oksijeni ikizidi inaharibu macho ya njiti, na mrija usiomtosha unamchubua pua huku hewa ikivuja. Kabla ya kununua, mtuulize wauguzi tumepungukiwa na nini. Wodi nyingine mashine zipo, kinachokosekana ni hivyo vidogo.

Muuguzi wa watoto wachanga
(Jina limehifadhiwa)