Riwaya haipandi jukwaani kwa miezi mitatu

Ndugu Mhariri,

Wafadhili wa sanaa wengi wanaamini kwamba ukishapata riwaya nzuri, nusu ya kazi ya kutengeneza tamthilia ya nyimbo imekwisha. Naomba nafasi nipinge. Uzuri wa riwaya ndio unaoirefusha kazi.

Chukua Les Misérables, riwaya ya Mfaransa Victor Hugo ya mwaka 1862. Alain Boublil alipata wazo akiwa London anatazama Oliver!, tamthilia ya nyimbo iliyotokana na kitabu cha Dickens. Mtoto mchomozi wa humo alimkumbusha Gavroche, mtoto wa mitaani wa Hugo. Yeye na mtunzi Claude-Michel Schönberg walianza na santuri ya nyimbo zake. Septemba 1980 kazi ikapanda jukwaani Paris, ikapata watu, na baada ya miezi mitatu ikateremshwa kwa sababu ukumbi ulikuwa umeshakodishwa kwa wengine.

Ingeweza kufia hapo. Mtayarishaji Cameron Mackintosh aliisikia ile santuri, akataka ifanywe London, lakini kuitafsiri tu kusingetosha. Onyesho la Paris lilianzia kiwandani, mhusika mkuu Valjean ameshakuwa meya, maana Wafaransa walijua alikotoka. Waingereza hawakujua. Ikabidi itungwe sehemu mpya ya mwanzo: mfungwa anaachiwa baada ya miaka 19 kifungoni, chanzo chake wizi wa mkate, anamwibia askofu vyombo vya fedha, askari wanamrudisha, askofu anasema nilimpa mwenyewe, kisha anamwongezea vinara viwili vya mishumaa. Ondoa dakika hizo uone kama mabadiliko ya Valjean yatakuingia akilini. Mshairi wa kwanza aliyepewa kuandika maneno ya Kiingereza, James Fenton, alibadilishwa, kazi akapewa mwanahabari Herbert Kretzmer. Hata wimbo ambao Valjean anamwombea kijana Marius usiku wa mapigano uliandikwa mazoezi yakiwa yamepamba moto.

Oktoba 1985 ikafunguliwa London, ukumbi wa Barbican. Wahakiki wengi waliiponda. Watu wakagombania tiketi.

Kati ya Paris na London ni miaka mitano, na wote hao walikuwa mafundi. Sisi mfadhili mmoja alitudai tarehe ya uzinduzi kabla wimbo hata mmoja haujatungwa, na fedha zake nyingi zilikuwa za mavazi na mabango. Mwandishi na mtunzi waliachiwa makombo.

Ombi langu kwa wanaotoa fedha ni hili: gaweni ruzuku mara mbili. Ya kwanza ilipe haki za riwaya, mwandishi, mtunzi, waimbaji wachache na kinanda kimoja, watu waalikwe wasikilize bila mavazi wala taa. Ya pili itolewe baada ya kazi kuandikwa upya, na muda wa kuandika upya ulipwe kama mnavyolipia ukumbi.

Wako,
Mwongozaji wa maigizo,
Morogoro